Utepe Mwekundu Chini ya Pua

Jumatano ya tarehe 14 Machi 1945, saa sita mchana kasoro dakika kumi, Wilf Dannatt alikuwa amelala chali kwenye zege lenye maji, chini ya mkia wa ndege isiyokuwa yake, akikaza nati ya mwisho ya gurudumu la nyuma. Aliinua macho akaona kitu kilichomkata maini.

Ndege yake mwenyewe, ile yenye herufi K ubavuni, ilikuwa inapita mbele yake kuelekea njia ya kurukia. Injini nne zilinguruma, tumbo limeshiba mabomu, vijana saba wamo ndani. Na chini ya pua, upande wa kushoto, utepe mwekundu ulikuwa ukipepea.

Wilf akatupa spana akakimbia.

Utepe ule ulishonwa kwenye kifuniko cha turubai, na kifuniko kilivishwa kijibomba chembamba kama kidole. Kijibomba hicho ndicho kinachoonja upepo na kumwambia rubani anakwenda mwendo gani. Ndege ikilala, kinafunikwa, mvua na wadudu visiingie. Ndege ikitaka kuruka, kinafunuliwa. Kisipofunuliwa, mshale wa mwendo unalala kwenye sifuri, na rubani hana tofauti na mtu anayeshusha lori mlimani macho yakiwa yamefungwa. Kukifunua ilikuwa kazi ya Wilf. Si ya mtu mwingine.

"Simama! Nahodha! Simama!"

Nani angemsikia? Mkiani, ndani ya kile kibanda cha vioo, alikaa Noel Tasker, mpiga bunduki wa nyuma, kijana mfupi kutoka Hull. Akamwona Mzee Wilf anakimbia na kupunga mikono, akafurahi. Naye akapunga. Alipoona mzee anazidi kukimbia, akapunga mikono yote miwili.

K ikashika njia. Ikakimbia, ikakimbia, ikachelewa kunyanyuka mpaka Wilf akafumba macho. Alipoyafumbua, ilikuwa imechuna ncha za ua wa miiba mwisho wa uwanja na inapanda. Akasimama na mikono yake mitupu, matone ya mvua yakimdondoka puani.

Haikutakiwa iwe hivyo. Alfajiri amri ilikuja kwamba ndege zote kumi na sita ziende mbali, kwa hiyo petroli nyingi, mabomu machache. Saa tatu wakubwa wakabadilisha mawazo: nendeni karibu, petroli ipunguzwe, mabomu yaongezwe. Saa nne wakabadilisha tena, maana waliokaa kwenye viti vyenye mito hawajui bomu la ratili elfu lina uzito gani kiganjani penye baridi. Mwisho ikawa stesheni kubwa ya kupangia mabehewa, ng'ambo ya mto Rhine, pamoja na viwanda vya chuma vilivyoizunguka. Wilf alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Na wakati anaizunguka K kwa mara ya mwisho, akigusa hiki na kile kama anavyofanya siku zote, Luteni Fairbrass, mkubwa wa mafundi, akafunga breki za gari lake pembeni.

"Dannatt! R ina pancha mkiani. Panda!"

"Afande, sijamaliza hapa."

"Mwenzako atamalizia. Panda, nimesema."

Akapanda.

Sasa, R nayo ikielekea njia ya kurukia, alikwenda kwa miguu mpaka ofisini kwa Fairbrass, akaingia na matope yake.

"Afande, K imeruka na kifuniko. Naomba waambiwe kwa redio."

Fairbrass alikuwa anaandika. "Redio zimefungwa. Amri kutoka juu."

"Juu wapi, afande?"

"Juu." Akaweka kalamu chini. "Kukifunua ni kazi ya nani?"

"Yangu, afande. Lakini wewe uliniita niende R."

"Nilikuita. Sikukuambia usahau."

Wilf alikuwa na maneno ya kuwaambia wakubwa, maneno ya zaidi ya miaka miwili, aliyoyatafuna kila akilala. Yalianza Novemba ya mwaka wa 1942, mkewe Hilda alipoanza kuugua tumbo nyumbani kwao, mjini Louth. Wilf aliomba ruhusa ya siku mbili, na bwana mmoja mwenye kalamu nzuri akaandika: asubiri. Akasubiri siku nne. Alipofika alikuta jirani ameshamfumba Hilda macho, na vitunguu Hilda alivyokuwa amemenya viko bado kwenye bakuli, vimekauka. Bwana yule mwenye kalamu akapandishwa cheo. Haya yote Wilf alitaka kuyamwaga juu ya meza ya Fairbrass. Hata moja halikutoka. Neno la Luteni lilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililouma.

"Rudi kazini," Fairbrass akasema, na sauti haikuwa kali.

Kazini ni wapi, ndege ikiwa haipo? Wilf alirudi mahali K ilipokuwa inalala, pakiwa na madoa ya mafuta na alama za magurudumu, akaketi juu ya kreti. Cragg, fundi wa injini wa K, alikuwa amekaa tayari. Cragg ni mtu wa maneno, mzaliwa wa Sheffield, lakini leo alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mafuta.

"Wameniambia," Cragg akasema.

"Nani alimpa Pryce ishara?"

Walikuwa na desturi yao, na ilikuwa haivunjwi. Wilf akishafunua kijibomba, anasimama mbele ya pua mahali rubani anapoona, anainua kifuniko juu. Rubani, Gwilym Pryce, mtoto wa Wales wa miaka ishirini na miwili, anakiona, anainua dole gumba. Hapo ndipo kabari za magurudumu zinavutwa. Safari ishirini na sita, mara ishirini na sita.

"Wewe hukuwepo," Cragg akasema. "Nikasimama mimi. Nikadhani umeshakifunua, umeondoka nacho mfukoni. Nikawapungia, basi, niwaage. Nilikuwa nimeshika hiki." Akakinyanyua kitambaa. Kilikuwa chekundu. "Pryce akainua dole gumba."

Wilf akakitazama kile kitambaa.

"Wewe na kitambaa chako," akasema hatimaye.

"Wewe na kifuniko chako."

"Na Fairbrass na gari lake."

"Na yule aliyebadilisha amri."

"Mara mbili!"

"Na mkubwa wake."

"Na mkubwa wa mkubwa wake."

Walipanda ngazi hiyo mpaka wakafika London, wakaishiwa na watu. Kifuniko kikabaki palepale kilipokuwa.

Gari la chai likapita. Cragg akaleta vikombe viwili na mkate uliopakwa mafuta ya nyama. Wilf akaushika tu. Alikuwa anafikiria vitu vidogo. Miguu ya Noel haifiki chini pale mkiani, kwa hiyo alimpigilia kibao cha kuegeshea, kutoka kwenye kreti ya tufaha. Pryce hupoteza glovu, kwa hiyo alizifunga kwa uzi mmoja unaopita mikononi mwa koti, kama za mtoto wa chekechea, na vijana wengine walicheka wiki nzima. Hakuwa na mtoto. Yeye na Hilda walijaribu, haikuwa. Hawa saba walikuja na vumbi la barabarani mwezi Oktoba, wakamkuta anachimbua liki zake, mboga za jamii ya vitunguu, nyuma ya banda, na mmoja akasema, "Mzee, hiyo ndege ni yako?" Akawajibu, "Yangu. Ninyi nawaazima tu. Irudisheni bila mkwaruzo."

"Huenda wamegeuza njiani," Cragg akasema.

"Na mzigo ule? Watue vipi hawajui mwendo? Pryce hawezi kurudi mpaka autue mzigo kule."

"Basi ataubeba mpaka kule. Yule ni mkaidi. Wales wote ni wakaidi."

"Ee," Wilf akasema. "Mkaidi kweli."

Saa kumi na moja kasorobo ndege zikaanza kusikika. Wilf akasimama juu ya kreti. Moja ikatua, mbili, tano. Tisa. Cragg alikuwa anataja herufi kwa sauti, kisha akaacha. Kumi na nne. Hapo pakawa kimya, na mbwa wa askari wa getini akabweka, na kimya kikarudi.

Halafu zikatoka mawinguni mbili kwa pamoja, karibu karibu, bawa kwa bawa, hivyo ambavyo hairuhusiwi kabisa kutua. Moja ilitangulia kidogo na nyingine imejibandika ubavuni mwake, kama kipofu aliyeshikwa kiwiko kuvushwa barabara. Zikashuka pamoja. Mita chache kutoka ardhini ile ya mbele ikaunguruma ikanyanyuka tena, ikamwachia mwenzake njia. Mwenzake akagonga chini, akaruka, akagonga tena, akatulia.

"K," Cragg akasema. Kisha akageuka kuitazama ile iliyokuwa inazunguka angani. "Na aliyemshusha ni R. Wilf! Ni R, ile ya pancha!"

Wilf hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kukimbia, kwa mara ya pili siku ile.

Pryce alishuka ngazi polepole. Glovu zilining'inia kwenye uzi wake. Akaenda moja kwa moja chini ya pua, akachomoa kifuniko, akakitia kwenye mfuko wa Wilf.

"Mzee, siku nyingine usipotaka twende, sema tu. Usitufunge macho kwa turubai."

"Mwanangu," Wilf akasema. "Mwanangu, mimi..."

"Nyuma yangu kulikuwa na ndege tisa, mbele ua wa miiba. Nisimame wapi? Nikasikiliza injini. Kisha nikamganda R kama kupe, kwenda na kurudi. Wenzetu walipoangusha, nasi tukaangusha."

Noel alikuwa amekuja mbio kutoka mkiani. "Nami nilidhani unanipenda! Nikawaambia wote kwenye simu ya ndani ya ndege, jamani, Mzee leo kaja kuniaga mbio mbio! Kumbe unapiga yowe!"

Wakacheka. Wilf alicheka mpaka ikabidi aligeukie gurudumu, ajifanye analikagua.

Gari la Fairbrass likaja. Vicheko vikakatika.

"Mshale wa mwendo, Pryce. Ulikuwaje?"

"Uliganda, afande. Barafu."

"Dannatt ameniambia kijibomba kilikuwa kimefunikwa."

"Mzee amechoka, afande. Ilikuwa barafu. Naandika hivyo." Na akaandika kweli kwenye fomu, akatia sahihi, juu ya goti.

Utepe mwekundu ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko wa Wilf, urefu wa mkono mzima. Fairbrass aliutazama. Aliutazama muda ambao Wilf angeweza kuhesabu mpaka kumi. Halafu akarudi garini, akaondoka. Wilf hakumshukuru, hata moyoni. Lakini alibaki akilitazama lile gari mpaka likapinda kwenye mabanda.

Gari la kuwapeleka vijana kuhojiwa na kupewa mayai yao, zawadi ya kila aliyerudi, likafika. Sita wakapanda. Wa saba, Alec Muirhead, mlenga mabomu, yule anayelala kifudifudi puani na kuona kila kitu, alikuwa ameketi juu ya kreti ya Wilf. Hakuwa amecheka hata mara moja.

"Alec, mayai yanapoa!"

"Tangulieni."

Wilf akaketi kando yake kwenye zege. Baba yake Muirhead alikuwa dereva wa gari moshi kule Uskoti, hilo Wilf alilijua.

"Mawingu yalifunguka," Muirhead akasema. "Muda mdogo tu. Nikaiona stesheni yote, reli zote, kama kitana. Mzee, king'ora kilikuwa kimelia zamani. Hakuna mtu. Kila kitu kimesimama. Isipokuwa gari moshi moja dogo, lile la kupangia mabehewa. Linasukuma mabehewa matano. Moshi mweupe. Taratibu, kama siku yoyote."

"Labda dereva hakusikia."

"Alisikia. Ndege mia na zaidi, zetu na za viwanja vingine, atakosaje kusikia? Angeweza kuruka akakimbia. Nikamwambia, kwa mdomo kabisa, nikamwambia, ruka bwana, ruka. Nikamwona anayafikisha yale mabehewa, anayaacha, anarudi kuchukua mengine."

"Na ninyi?"

"R aliangusha. Tukaangusha."

Muirhead alikuwa ameinua kiganja mbele yake bila kujua, anakisogeza mbele, polepole, anakirudisha. Wilf akakitazama kiganja kile. Upepo ulikuwa umegeuka na mvua imekatika, na huko mbali R ilikuwa inatua.

"Nani alimwambia yule dereva aendelee? Mkubwa gani?" Wilf akauliza.