Simu Ambayo Hakuipiga

Shemeji hakuwa shemeji wa kweli. Alikuwa mwangalizi wa rada wa nchi ya ng'ambo, na jina hilo alijipachika mwenyewe kwenye mafunzo ya pamoja, alipoona picha ya mdogo wa kike wa dada anayeangalia rada upande huu na kuapa kwamba mahari iko njiani. Tangu hapo, chombo cha kutiliwa shaka kikikaribia mpaka wa bahari, dada alimpigia simu: huyo anakuja kwako, shemeji. Naye alijibu: nimemwona, shemeji. Ujumbe wa kompyuta ulifuata baadaye, kuwaridhisha wakubwa.

Halafu mkutanoni, mbele ya wakubwa wa nchi zote mbili, Shemeji akatania kwamba dada huyu hata akiona pomboo anaomba meli ya doria. Ukumbi ukaangua kicheko. Dada naye akacheka, meno tu, akarudi nyumbani amenuna. Watu wazima nao wana utoto wao.

Wiki ile ile ndege ya doria ikaripoti chombo cha uvuvi kisicho na nyavu, kimelemewa, kinaelekea mpakani. Mkono wa dada ukaenda kwenye simu, ukarudi. Akatuma ujumbe tu. Si wanasema napiga kelele, alijisemea, basi leo nimenyamaza.

Ujumbe ulisomwa chombo kikiwa kimeshapotea. Watu waliokuwa wamefungiwa tumboni mwake walikutwa ufukweni ng'ambo, wametelekezwa na waliokuwa wakiwauza. Mama mmoja alikuwa bado amembeba mwanawe, akikataa kuambiwa kwamba mtoto amekufa.

Mkuu wa kituo akampongeza dada: ujumbe ulitumwa, uzembe ni wa ng'ambo.

Shemeji akapiga simu. Alikuwa akingoja barua ya kusimamishwa kazi, lakini kilichomnyima usingizi ni yule mtoto. Akaomba radhi kwa kuchelewa kuusoma ujumbe. Dada angeweza kunyamaza, na nani angejua?

"Shemeji, kosa si lako. Nilikununia. Sikukupigia makusudi."

Dada alitamani atukanwe, maana tusi lingempunguzia mzigo.

"Nitawaambia wakubwa wangu na wako," akaongeza.

"Waambie."

Akawaambia. Shemeji akabaki kazini. Dada akaachwa kwenye kiti chake cha rada mpaka uchunguzi uishe, kwa kuwa watu ni wachache. Chombo kingine kilipojitokeza, aliinyakua simu kabla hata hajakaa vizuri. Meli ya ng'ambo ikakiwahi, na jioni simu ikalia.

"Wote wazima, kituo," ilisema sauti anayoijua.

Dada alisubiri, huenda kuna neno limebaki. Simu ikakatwa.