Kamba ya Mita Kumi na Moja

Mimi na mke wangu hatugombani. Kubishana tunabishana, tena kila siku, kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu nani aliacha mlango wazi kuku wakaingia jikoni. Lakini kugombana hasa, ni mara mbili tu katika miaka thelathini na moja, na mara ya pili ni Jumanne ile nilipokikuta kipande cha kamba yangu kimetundikwa uani, nepi za mjukuu zimebanwa juu yake.

Ngojeni kwanza niwaeleze hiyo kamba, la sivyo mtaniona mzee mwenye kisirani tu.

Mimi ni mtunza uwanja wa klabu yetu ya mpira. Nakata nyasi, nafunga nyavu, napiga mistari kwa chokaa, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Chokaa. Hata wanangu wa kuwazaa wakinikasirikia wananiita hivyo. Kazi niliirithi kwa marehemu baba, na pamoja na kazi nikarithi kamba ya nailoni ya buluu, ncha moja ina kitanzi, ncha ya pili ina fundo. Kitanzi unakivalisha kigingi katikati ya mstari wa goli, unavuta mpaka kamba ikaze, na fundo linapogusa ardhi ndipo unapoweka alama ya penalti. Mita kumi na moja, basi. Kwa kawaida hata huhitaji kupima, alama ya zamani ipo, unaifuata tu. Ila wiki ile nilikuwa nimemwaga udongo mpya mbele ya goli la upande wa shule, palipokuwa pamechimbika kama kiota cha kuku, na alama ikafukiwa. Nikachukua kamba kwenye msumari wake nyuma ya mlango, nikaenda, nikavuta, nikaweka alama mpya. Sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi wa nini?

Jumapili ikawa mechi ya mwisho ya ligi, sisi na wale wa ng'ambo ya barabara kuu. Atakayeshinda anapanda daraja. Dakika ya themanini na nane bado bila bila, mashabiki roho juu, mara refa anapuliza: penalti kwetu, goli la upande wa shule! Golini yuko kipa wao, Sumaku. Jina si la bure, msimu mzima alikuwa ameokoa penalti sita. Mpigaji wetu ni Kombora, na kweli alipiga kombora. Sumaku aliruka upande ule ule wa mpira, lakini mpira ulikuwa umeshapita. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti wetu, mtu asiyewahi kunipa hata mkono, alinibeba juujuu.

Kufika Jumatatu maneno yalikuwa yameshavuka barabara. Eti Sumaku ameuza mechi. Kipa aliyedaka sita, ya saba anaruka kama mtu anayeshuka kitandani! Sisi tulicheka. Nami nilicheka, siwafichi.

Ndipo Jumanne nikaingia uani.

"Hii kamba umeitoa wapi?" nikamuuliza mke wangu.

"Nyuma ya mlango. Kwani vipi?"

"Umeikata!"

"Kipande tu, baba watoto. Nilikikata wiki ya juzi, kukitundika ndio leo. Ilikuwa inaburuta mpaka sakafuni, na mtoto hana pa kuanikiwa nguo. Halafu na fundo lako nimelifunga tena palepale mwishoni, najua unavyolipenda."

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Naye akajibu yake, na yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Kisha nikakimbia kwa jirani yangu seremala kuazima tepu. Nikaishusha kamba yenyewe kwenye msumari, nikailaza sakafuni, nikapima. Mita tisa na nusu. Nikapima tena. Nikaanza kupimia upande wa pili, labda huko ingeongezeka. Seremala, aliyekuwa amenifuata kulinda tepu yake, akaniuliza kama nampimia mtu jeneza.

Mita tisa na nusu! Jamani, mpira wa Kombora kutoka mita tisa na nusu, hata ukuta ungechelewa.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti. Ana duka la vifaa vya ujenzi, hukaa katikati ya mifuko ya saruji akiwa na kalamu sikioni. Nikamweleza yote, kamba, nepi, fundo. Alinisikiliza vizuri mpaka nikadhani amenielewa.

"Hiyo kamba iko wapi sasa?"

"Nyumbani."

"Ichome."

"Ni nailoni, mwenyekiti, itanuka mtaa mzima."

"Chokaa, usinifanyie mzaha. Refa alikagua uwanja? Alikagua. Wao walilalamika? Hawakulalamika. Tumepanda daraja baada ya miaka tisa, wewe unataka kutushusha kwa kamba ya nepi?"

"Kuna mtu kule ng'ambo anaitwa msaliti. Jumamosi wanachama wao wanamjadili, wanamfukuza."

"Kwani anatuhusu nini?" akasema, na akarudi kwenye karatasi zake. "Ni kipa wao, si wetu. Na funguo za uwanja ulizo nazo, kumbuka ni za klabu."

Nikatoka pale. Nilitaka nirudi nimwambie jambo, kila nililolifikiria likawa ni tusi. Nikafika nyumbani, nikakaa, nikainuka. Nikaenda kufagia chumba cha jezi, nikaacha katikati. Mke wangu ananitazama tu, nami sitaki kutazamwa.

Alhamisi nikajikaza, nikapanda baiskeli yangu. Sumaku ni fundi baiskeli, ana kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, upande wao. Nilifika karibu nikaona mlangoni wameandika kwa rangi nyekundu: MSALITI. Nikapita kama naenda mbele, nikageuka, nikapita tena. Mara ya tatu nikaona aibu, mtu mzima nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikafanya upumbavu. Nikasimama pembeni, nikafungua upepo wa tairi langu la nyuma, nikaikokota baiskeli mpaka kibandani.

"Shikamoo, mzee Chokaa," akasema. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Benchi tupu, spana zimepangwa kwa ukubwa kama za duka jipya.

"Marahaba, baba. Pancha hiyo."

Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji. Akaizungusha taratibu, akitafuta mapovu. Hakuna. Akazungusha tena, ameinama mpaka pua inakaribia maji. Nilijua hakuna, nami ndiye niliyejua peke yangu.

"Mzee, mbona sioni tundu?"

"Labda ni dogo," nikasema. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Akakaa juu ya kigoda, akajifuta mikono.

"Basi ni mimi nisiyeona," akasema. "Usimwambie mtu, mzee wangu. Macho yamekwisha haya. Ile penalti niliiona vingine kabisa. Glovu nimeshampa binamu yangu. Jumamosi nitawaambia sijauza mechi, ila macho sina. Kipa asiye na macho ni nguzo, na nguzo pale golini zipo mbili tayari."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilitaka kulipa, akakataa pesa, akasema hajafanya kazi yoyote.

"Umemwambia?" mke wangu akaniuliza hata sijaiegemeza baiskeli.

"Tairi lilikuwa…"

"Ulikwenda kusema au ulikwenda kuziba pancha?"

Nikamweleza. Nilipofika pale pa beseni la maji akaiweka chini sufuria aliyoishika.

"Yaani umemwongezea," akasema.

"Nimemwongezea."

"Basi nitakwenda mimi. Kamba niliikata mimi."

"Wewe ulifunga fundo tu. Alama niliweka mimi. Miaka ishirini na sita naweka alama, ningekanyaga hatua kumi na moja tu ningejua. Sikukanyaga."

Ijumaa nzima sikutulia mahali pamoja. Nilizipaka rangi nguzo za goli ambazo hazikuhitaji rangi.

Jumamosi saa nane mchana tulivuka barabara pamoja, mimi na kamba kwenye mfuko wa sokoni, yeye na kile kipande chake, vibanio bado vimeng'ang'ania. Mkutano wao ulikuwa darasani, kwenye shule ya upande wao, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mlangoni wakatuzuia.

"Mzee Chokaa, umekuja kutucheka?"

"Nimekuja kusema jambo, mkishasikia mnipige."

Wakanipisha, nafikiri kwa sababu ya mke wangu, maana alikuwa ameshapita. Sumaku alikuwa amesimama mbele, karibu na ubao, mikono nyuma. Nikaitoa kamba. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikapotea yote. Nikasema tu: "Alama ya penalti ilikuwa mita tisa na nusu. Niliikosea mimi. Huyu hajauza kitu."

Mlipuko wa kelele. Mmoja akaruka juu ya dawati. Mwingine akapiga kelele wizi, wizi, kumbe tuliibiwa, na mzee mmoja wa kamati akanishika kola. Mke wangu akainua kipande chake juu, vibanio vinagongana, akawafokea: "Niliikata mimi kwa ajili ya nepi! Nani hapa hajawahi kuvaa nepi?" Wawili watatu wakacheka, na kola ikaachiwa.

Nikamgeukia Sumaku. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote.

"Na ile tyubu haikuwa na tundu, mwanangu. Upepo niliutoa mwenyewe. Nilikuja kukwambia, nikaogopa."

Uso wake ulibadilika, si hasira, bora ingekuwa hasira.

"Niliona," akasema. "Pale mstarini, nilimwona Kombora yuko karibu mno. Nikanyanyua mkono nimwite refa. Halafu nikajiambia, huu ni uwanja wa Chokaa. Tangu nikiwa mtoto nacheza kwenye mistari ya baba yako na yako. Nikasema basi ni macho yangu. Nikashusha mkono."

Mimi niliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Nimetukanwa sana katika kazi hii, lakini hakuna aliyewahi kuniumiza kama huyu aliyeniamini.

Mzee wa kamati akaanza habari za barua kwa chama cha ligi, mechi irudiwe, na kadhalika. Sumaku hakumsikiliza.

"Funguo za uwanja unazo?" akaniuliza.

Nilikuwa nazo. Tukavuka barabara, kundi zima, watu wakitoka madukani kutazama kuna nini. Kombora alitukuta getini, habari zilikuwa zimeshamfikia, mpira uko kwapani.

"Kaka, naomba nipige tena," akamwambia Sumaku. "Sasa hivi. Goli la namna ile silitaki."

"Utapiga siku ligi ikisema. Leo nataka kuona tu."

Akaenda golini upande wa shule, akasimama kwenye mstari, magoti yamekunjwa kidogo kama siku ya mechi. Nikaitoa mfukoni tepu ya seremala, niliyokuwa nimeiazima tena. Akanikataza kwa mkono.

"Usipime, mzee. Simama kwenye ile alama yako na kopo la chokaa. Rudi nyuma taratibu. Nitakwambia."

Nikasimama kwenye alama yangu ya uongo. Nikarudi hatua moja. Akatikisa kichwa. Nikarudi nusu hatua. Akatikisa. Nikasogeza mguu, kidogo, kidogo tena. Mimi moyo unanidunda kama ndio napigiwa penalti.

"Hapo," akasema.

Nikamwaga chokaa pale. Ikamwagika mpaka kwenye viatu. Kombora akashika ncha ya tepu golini, mke wangu akashika katikati isilegee, mimi nikapiga magoti kusoma. Nikasoma mara mbili. Nikamwita mzee wa kamati naye asome, nisije nikaambiwa natia chumvi.

"Kumi na moja," mzee akasema kwa sauti. "Imezidi kidole kimoja."

Sumaku hakushangilia. Alikaa chini palepale kwenye mstari wa goli, akaweka viganja juu ya macho yake, na mabega yakaanza kutikisika. Binamu yake akatoka kwenye kundi, akaziweka glovu magotini mwake, akarudi.

Wakati huo nikasikia gari likifunga breki nje ya geti na mwenyekiti wetu akiita jina langu, jina langu halisi, ambalo hata sikujua kama analijua. Akaja mpaka nilipokuwa nimesimama kunyoosha mgongo, akanyoosha mkono. Funguo. Nikazitoa mfukoni nikampa bila kumgeukia. Nilikuwa bado namtazama kipa wao.