Kituo Namba Saba

Josiane Marchandot alikuwa amepiga hesabu zake vizuri kabisa. Wawindaji wa kijiji cha Chaumery hawajawahi kuingia msituni kabla ya saa nne. Kwanza wakutane bandani kwao, wale soseji, wanywe kahawa, wabishane nani alimkosa nguruwe pori wiki iliyopita, halafu ndiyo wakumbuke kwamba wana bunduki. Josiane alikuwa ameishi na mmoja wao miaka ishirini na miwili. Kama kuna kitu alichokijua duniani, ni ratiba ya soseji.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, aliilaza baiskeli yake ubavu, akaisukuma chini ya mnyororo uliofunga kijia cha msituni, kisha akapita mwenyewe kwa magoti. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mpeleka barua mstaafu, anatambaa kwenye majani makavu kama mwizi wa kuku.

Alichotaka ni mita mia nne tu. Mbio za baiskeli za changarawe alizoziandaa zilikuwa zimebaki wiki mbili, kilomita themanini za vijia vya msitu na mashamba, na kila mwenye ardhi alikuwa ameshatia sahihi isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyefunga mnyororo mwezi wa tatu. Bila kijia chake, watu ingebidi watokee barabara kuu na kupita kilomita tatu pamoja na malori ya magogo. Mwaka jana lori moja lilimgonga mtu kwenye kona moja ya barabara ile. Josiane ndiye aliyekaa naye kwenye majani, amemshikilia kichwa, mpaka gari la wagonjwa likafika. Mtu yule sasa anatembea kwa mguu wa bandia. Fomu ilitakiwa ofisi ya meya kesho yake, Jumatatu. Josiane alitaka kwanza auone mwenyewe ubovu wa kijia, halafu jioni aende kumwomba mwenye nacho. Na mwenye nacho alikuwa Régis, aliyekuwa mume wake.

Alikuwa hajafika hata katikati pembe ilipolia. Mlio mmoja mrefu: uwindaji umeanza.

Akabana breki zote mbili. Pembe? Saa mbili? Na soseji je?

"Simama hapo hapo!" sauti ikafoka kutoka chini ya mwaloni. "Nani huyo?"

Alikuwa Régis, hatua kumi na tano mbele yake, ameketi kwenye kigoda cha turubai na bunduki mapajani. Josiane alikuwa amevaa koti la njano ambalo lingeonekana hata kutoka kwenye ndege. Akajisemea moyoni: eti nani huyo. Miaka sita ya talaka, sasa tunajifanya hatujuani.

"Ni malkia wa Uingereza," akasema.

"Josiane? Umeingiaje? Kuna kibao cha uwindaji!"

"Upande wa kwenu kuna kibao. Upande wa mtoni hakuna, kwa sababu kuna bwana mmoja kafunga mnyororo, na nyinyi hamtundiki vibao mahali pasipopitika. Na kwa nini mmeanza saa hizi?"

"Mjukuu wa mkuu wetu, Fauvet, anabatizwa saa tano. Soseji baadaye."

Mtoto wa miezi minne, na ameshamharibia Josiane Jumapili yake.

Josiane akageuza baiskeli. "Basi narudi nilikotoka."

Mlio wa risasi ukapasuka upande wa mtoni, kilima kikaurudisha. Akabaki amesimama, mguu mmoja juu ya pedali.

"Huko yuko Bonnot, kituo namba nane," Régis akasema. "Na huku juu, namba sita, yuko mkwe wa Fauvet. Huendi popote. Mimi pia siruhusiwi kuondoka kituoni mpaka pembe ilie mara tatu. Kaa chini, mama, kabla hujawa mchuzi."

Akampa kizibao cha ziada, cha rangi ya machungwa, chenye mfuko ambao Josiane mwenyewe aliushona enzi zile. Akakivaa. Kilinuka mbwa na siku za zamani. Akaegemeza baiskeli mtini, akakaa juu ya mzizi, mgongo kwenye gome, Régis ubavuni kwake. Simu haikuwa na mtandao. Katika bonde lile haujawahi kuwepo. Miaka yote aliyomlaumu mtu huyu kwamba Jumapili zake zinaishia msituni, na leo ya kwake nayo imeishia hapo hapo, kwenye mti ule ule, bila hata kiti.

"Utanipa sahihi?" akauliza. Ya nini kuzunguka.

"Hapana."

"Ni mita mia nne, Régis."

"Najua urefu wake. Ni pangu."

"Unajua kilichompata yule mtu barabarani."

"Najua."

"Basi ni roho mbaya tu."

Régis akafungua chupa ya chai iliyojaa kahawa, akachukua kikombe, akatumbukiza ncha ya kidole ndani yake, akaanza kumimina. Kahawa ilipogusa kidole akaacha. Josiane aliliona hilo, akadhani ni ushamba wa mwanaume anayeishi peke yake.

"Utaungua."

"Nimezoea."

Saa ya kwanza ikapita hivyo. Mbwa walibweka mbali, wakanyamaza, wakabweka tena mahali pengine. Makalio yake yakafa ganzi. Alipotaka kusimama anyooshe mguu, Régis alimshika kizibao, akamkalisha tena. Kulia kwao na kushoto kulikuwa na vijiti viwili vyenye utepe mweupe, kuonyesha mwindaji asipige zaidi ya hapo. Régis alikuwa amevisogeza karibu, kiasi cha kuvigusa kwa buti. Kila baada ya muda alikigusa kimoja, halafu kingine, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Watoto wamekupigia?" Régis akauliza.

"Juzi. Wanasema wewe hupokei simu."

"Sioni nani anapiga."

"Vaa miwani."

"Ninayo." Alikuwa nayo kweli, puani.

Mara magugu mbele yao yakatikisika. Régis akanyanyua bunduki, taratibu, bila kelele, kwa ustadi ule ule wa zamani. Josiane akaangalia upande ule, na hakuhitaji kuangalia mara mbili. Alikuwa Biscotte, mbwa wa Fauvet, hatua thelathini, amevaa kizibao cha machungwa kuanzia shingoni mpaka mkiani. Kengele yake ilikuwa imejaa tope. Alikuwa amesimama mahali peupe, ananusa uyoga.

Akangoja Régis ashushe bunduki. Hakushusha. Kidole kikaenda kwenye kifyatulio.

"Régis," akanong'ona. "Ni mbwa."

Mtutu ukabaki pale pale.

"Ni Biscotte. Kavaa nguo nzima, Régis. Ya machungwa."

Bunduki ikashuka kidogo kidogo mpaka mapajani.

"Nilikuwa najua," akasema. Halafu: "Ameelekea wapi?"

Mbwa alikuwa bado pale pale, anawaangalia.

Hapo ndipo mambo yote yalipojipanga kichwani mwa Josiane: koti la njano, kidole kikombeni, vijiti, simu. Akahisi baridi ikimpanda kuanzia kwenye mzizi aliokalia.

"Unaona nini, Régis? Niambie ukweli. Ukinitazama mimi sasa hivi."

Akamgeukia. "Pembeni nakuona. Katikati kuna doa. Kama mtu kapaka masizi kwenye kioo. Daktari anasema halitaondoka."

"Tangu lini?"

"Msimu juzi."

"Na Fauvet anajua?"

"Nani amwambie?"

"Mnyororo je?"

Régis alipiga buti kwenye kijiti cha kushoto, kisha cha kulia.

"Mwezi wa pili, mwisho wa msimu. Kitu cha kahawia kilitoka pale kwenye kijia, polepole, kimeinama. Nikadhani ni kulungu, nikamlenga. Bado kidogo tu nifyatue. Halafu akanipungia mkono. Mtu na baiskeli yake, Josiane. Alinipungia mkono, akasema habari za asubuhi, akaenda zake. Msimu ulipofungwa nikanunua mnyororo."

"Ukafunga njia."

"Nikafunga njia."

"Badala ya kuacha bunduki."

"Nikiacha, Jumapili niende wapi? Nikae nyumbani nizungumze na friji?"

Josiane alitamani kumfokea, lakini hata kufoka hakuruhusiwa. Alikuwa amekwama kati ya namba sita na namba nane, kando ya mtu asiyeona mwenye bunduki yenye risasi, na hakuna mlango wa kutokea.

"Toa risasi," akasema.

"Mpaka pembe—"

"Toa sasa hivi, au nasimama nianze kuimba."

Régis aliijua sauti yake ya kuimba. Akazitoa, moja, mbili, kwa kupapasa, akamwekea kiganjani. Zilikuwa na joto la mkono wake.

Saa ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

"Nitatia sahihi," Régis akasema ghafla. "Leo hii. Chukua kijia chako. Ila usimwambie Fauvet."

Josiane akaziangalia zile risasi. Fomu ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne, kalamu pia. Dakika moja tu na kazi imekwisha. Lakini kibao cha njia kikishapigwa msumari, watu watapita mwaka mzima, pamoja na Jumapili ambazo yeye hatakuwepo kusema ni mbwa.

"Siitaki," akasema. "Kama sahihi inakuja na bunduki, siitaki. Na Fauvet ataambiwa leo. Afadhali umwambie wewe. Ukishindwa, namwambia mimi."

"Utanimaliza."

"Ndiyo maana nakupa nafasi uanze."

Pembe ikalia mara tatu. Msitu mzima ukaanza kukohoa na kuitana.

Lucien Fauvet, mkuu wa wawindaji, alishuka mwenyewe kutoka kilimani kukusanya watu wake, mbio mbio, tai ya ubatizo imechungulia juu ya koti la kuwindia. Kumwona Josiane akasimama, mikono kiunoni.

"Heee! Namba saba imeoa tena? Wengine tunawinda nguruwe, wenzetu wanawinda wake zao wa zamani!"

Josiane alikuwa ameshafungua mdomo. Régis akasimama, akamnyooshea Fauvet bunduki kwa kitako.

"Chukua, Lucien. Haina kitu. Macho yangu yamekwisha, sioni. Tafuta mtu mwingine wa hapa."

"Acha utani, bwana, kanisa linanisubiri."

"Biscotte alipita hapa saa moja iliyopita. Nilimlenga. Josiane ndiye aliyemwona."

Kicheko cha Fauvet kikachukua muda kuondoka usoni, maana uso wenyewe ulikuwa haujui uweke nini badala yake. Akamtazama mbwa wake, ambaye alikuwa anajikuna. Akaipokea bunduki kwa mikono miwili.

"Misimu mingapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Miwili na huu."

"Na mimi nilikuweka kati ya Bonnot na mkwe wangu." Akainamisha kichwa. Alipiga hatua, akarudi, akamgonga Régis begani mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaenda kumbatizisha mjukuu.

Wawili wakabaki. Régis akashika njia mpaka kwenye mnyororo, akatoa funguo, akaanza kulitafuta tundu la kufuli kwa kidole gumba. Akakosa. Akakosa tena. Josiane alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameibana kwapani isije ikasaidia. Mara ya tatu kufuli likaitika na mnyororo ukaanguka kwenye majani.

"Leta hiyo karatasi yako."

Alimwonyesha mahali kwa kumwekea kidole chini ya mstari. Sahihi ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi za talaka, imepanda juu kidogo tu.

"Umekujaje huku?" Josiane akauliza, huku anaikunja.

"Kwa gari."

"Kwa gari!"

"Polepole."

Josiane alinyoosha mkono. Régis akapapasa mfukoni, akampa na funguo za gari. Wakaondoka kwa miguu kufuata kijia kuelekea kwenye gari, yeye akisukuma baiskeli, Régis ameshika kiti cha baiskeli kwa nyuma.

"Dimbwi," Josiane akasema. "Pita kushoto."

Buti likazama mpaka kifundoni.

"Nimesema kushoto!"

"Ulisema kwa kuchelewa. Kama kawaida yako." Wakatembea kidogo. "Jumapili ijayo utakuja saa ngapi? Kutoka kwangu mpaka sokoni ni kilomita kumi na moja, na funguo unazo wewe."

Josiane akasimama. Mbele yao kijia kilikuwa kimenyooka, kizuri, changarawe safi, bila mnyororo. Mfukoni mwake funguo ziligongana.

"Saa tatu," akasema. "Na nikikuta umekula soseji zote, unaenda kwa miguu."