Vigelegele Kabla ya Kuanua Matanga

Mto ukikauka katikati ya masika, usifurahi. Sisi wa Kanyosha tulifurahi, tukashuka kuchota mchanga wa bure, mpaka Salvator, anayelima huko juu, alipokuja kutuharibia raha. Mlima umeporomoka, akasema, udongo umeziba mto, na nyuma yake maji yanazidi kujaa kila mvua inaponyesha. Siku udongo ule ukiachia, yote yatatushukia sisi. Kwenda kuuzibua hakukuwezekana. Vita vilikuwa katika mwaka wake wa saba, na huko milimani walikaa watu wenye bunduki. Kilichobaki ni kujiandaa.

Nguo na unga nilivipeleka kanisani, juu ya kilima. Mimi ni Mwislamu, lakini padri alinipa kona bila kuniuliza swali, Mungu amlipe. Mzigo mzito ulibaki nyumbani: mama mkwe wangu, Sikuzani. Mimi hushinda sokoni nikiuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, na yeye hubaki na mwanangu Kudra, ambaye wakati huo hata kutambaa alikuwa hajaanza.

Tukakubaliana mtaani kwamba atakayeona maji kwanza agonge sufuria. Tukajaribu. Watu wote wakatoka mbio, isipokuwa Sikuzani. Alikuwa amekomea mlango, kajilaza chini ya kitanda na Kudra kifuani. Ndivyo vita vilivyotufundisha: sufuria zikilia, wauaji wamekuja, jifungie ulale chini. Tukajaribu filimbi, akarudi chini ya kitanda. Nikamfokea, kisha nikalia.

"Mama, maji itakukuta humo na mutoto!"

"Maji sijaiona," akanijibu. "Risasi nimeiona."

Jirani yetu Consolate ndiye aliyepata akili.

"Mama Kudra, ni kelele gani inaweza kumutoa huyu muzee inje?"

Nikacheka, maana mtaa mzima ulijua. Harusi! Sikuzani hajawahi kuacha bibi arusi apite bila kumkagua kuanzia kichwa hadi viatu. Basi ishara yetu ikawa vigelegele. Consolate akatuonya tu tusimtegemee yeye. Mumewe alikuwa ameuawa barabarani mwezi uliotangulia, na alikuwa bado hajaanua matanga. Mjane akipiga vigelegele kabla ya hapo, watu husema anashangilia kifo.

Maji yalikuja mchana, siku ya soko. Tulisikia mngurumo, nikaacha ndagala zangu mezani, nikakimbia. Nyumba yangu sikuikuta. Palikuwa na matope tu, na mlango wa mtu ukielea. Niliita Kudra, Kudra, mpaka sauti ikakauka, kisha nikapanda kilimani kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Sikuzani alikuwa uani mwa kanisa, kavaa kitenge chake cha sherehe, Kudra mgongoni, naye amenuna vibaya sana.

"Bibi arusi iko wapi?" akanifokea. "Munanidanganya, mi mutu muzima!"

Alhamdulillahi! Nilimkumbatia huku akinisukuma. Sijawahi kukaripiwa nikashukuru namna ile. Nikauliza ni nani aliyepiga vigelegele. Wanawake wakatazama ukutani.

Pale alikaa Consolate peke yake, ameshika kwa mikono miwili kichwa chake kilichonyolewa. Sote tuliotegemewa tulikuwa sokoni. Aliyeyaona maji ni yeye, akapiga moyo konde, akapita mlango hadi mlango akipiga vigelegele na machozi yakimtoka, watu wakamfuata hadi kilimani. Sasa wale wale aliowaokoa walikuwa wakinong'ona juu yake.

Nilimfungua Kudra mgongoni mwa bibi yake, nikaenda kupiga magoti mbele ya Consolate.

"Mama Kudra," akasema bila kuinua uso, "bwana yangu kule aliko ataniona mutu wa namna gani?"

Nikamweka mtoto mapajani mwake.

"Umuonyeshe huyu."