Barabara na Choo cha Mama Mkwe

Kinyozi alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango ya mtaa akiwa hayupo. Alikuwa ametoka mkutanoni mara moja kwenda kufunga kibanda chake cha kunyolea, na aliporudi akakuta watu wanapiga makofi. Akapiga na yeye, akidhani kuna mtu amesema jambo la maana. Ndipo jirani yake, fundi wa vyuma, alipomgeukia akamshika mkono na kumpa hongera.

"Hongera ya nini?"

"Ya uenyekiti. Tumekupitisha bila kupingwa."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tungekuuliza ungekataa."

Mkutano wenyewe ulikuwa umeitishwa na Afisa Mipango wa manispaa, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, na ujasiri wa kuingia navyo katika mtaa ule wenye matope. Alikuja na habari njema. Manispaa imeacha mambo ya kubomoabomoa. Sasa wakazi wenyewe watapanga mtaa wao. "Ninyi ndio wataalamu wa maisha yenu," aliwaambia, na watu wakatazamana, maana hadi mwaka uliopita manispaa hiyohiyo ilikuwa ikiwaita wavamizi. Manispaa italeta greda na kifusi. Wakazi wataonyesha barabara ipite wapi. Sharti ni moja tu: wakubaliane wao kwa wao, na kila aliye njiani asogee kwa hiari yake.

Barabara waliihitaji, hilo halikuwa na ubishi. Mtaa ule ulikuwa umekua wenyewe, chumba kwa chumba. Mtu alianza na chumba kimoja cha bati, akipata kazi akakitia ukuta wa tofali, mtoto akioa kikaongezwa cha pili, na juu ya nguzo nondo ziliachwa zimesimama wima kusubiri ghorofa. Hapakuwa na nyumba iliyokwisha, wala iliyosimama kukua. Zilivyozidi kunenepa, ndivyo njia katikati yao ilivyozidi kukonda, hata ikafika mahali wawili hawapishani bila mmoja kuomba radhi. Gari la kunyonya vyoo lilikuwa halijaingia huko miaka. Na mke wa fundi wa vyuma aliposhikwa na uchungu wa kujifungua, alisukumwa hadi barabara kuu kwa toroli, mume mbele akipiga kelele watu wapishe, mama yake nyuma akilia. Mtoto alizaliwa salama. Lakini hakuna aliyetaka kuona jambo lile tena.

Siku ya kuchora ramani walitandika turubai uwanjani. Afisa akagawa stika: za kijani ubandike unapopapenda, nyekundu ubandike panapohitaji mabadiliko. Kufikia mchana nyumba ya kila mtu ilikuwa na stika ya kijani aliyoibandika mwenyewe, na nyekundu kibao alizobandikiwa na majirani.

Wakaja kwenye barabara. Ilipochorwa na mwenye duka, ilipita kwa fundi wa vyuma. Ilipochorwa na fundi wa vyuma, ilipita katikati ya duka, pale penye friji. Walipoambiwa wachore wote kwa pamoja, barabara ikamkwepa kila mtu, ikazunguka, ikarudi ilikotoka.

"Huu ni ushirikishwaji mzuri sana," alisema Afisa, akapiga picha.

Ikabidi Kinyozi afanye kazi ya uenyekiti. Kesho yake alichukua kamba na chokaa, akaanza kupima kutoka barabara kuu, watu wote nyuma yake kama wanasindikiza maharusi. Na hapo, papo kwa papo, mambo yalianza kwenda. Mwenye duka alikubali kukata kibaraza, baada ya kunung'unika kwa kiasi cha kuridhisha. Fundi wa vyuma akakubali kurudisha nyuma uzio. Mtu akiona mwenzake amekatwa, na yeye roho inalainika. Kamba ikaenda, ikanyooka, watu wakaanza kuimba. Ilipofika kwenye kona, ikagota kwenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu.

Nyimbo zikakatika.

Kilikuwa choo cha mama mkwe wa Kinyozi.

Watu walimtazama mwenyekiti wao kwa huruma, kisha mmoja mmoja wakakumbuka wameacha sufuria motoni. Maana mama mkwe ni mama mkwe. Tangu amwoe binti yake, Kinyozi hakuwahi kutamka mbele ya yule mama neno zito kuliko "chumvi". Akimwona anakuja, huvaa shati. Akiketi naye, hutazama mkeka. Leo aanzie wapi kumwambia kuhusu choo, tena cha kuvunjwa?

Alimwendea mkewe, akamkuta anapiga pasi.

"Mke wangu, mama ni mama yako."

"Ndiyo."

"Wewe unaweza kumwambia chochote."

"Naweza. Mwenyekiti wa kamati ni nani humu ndani?"

"Mimi."

"Haya," alisema mkewe, akageuza gauni upande wa pili.

Basi akaenda mwenyewe, shati limefungwa hadi kooni. Mama mkwe alimkaribisha kwa furaha, akamwekea chai. Kinyozi akatoa shikamoo, akauliza afya, akauliza afya tena, akasifia kikombe. Hatimaye akakohoa.

"Mama, kuna jambo la barabara. Inahusu kile… kile chumba kidogo."

"Chumba kidogo kipi, mkwe wangu?"

"Kile cha pembeni."

"Jiko?"

"Siyo jiko, mama. Kile ambacho… mtu anaingia peke yake."

Mama mkwe aliweka kikombe chini taratibu. "Kaburi?"

"Hapana, mama! Mungu apishe mbali!"

"Maana ukimwona mkwe anakuja kwa mzee na shati limefungwa hivyo, anaongea habari za chumba kidogo cha kuingia peke yako, unaanza kujiuliza."

Kinyozi aliimaliza chai ikiwa ya moto vilevile, ikamuunguza ulimi, akaaga. Hakuona kwamba mama mkwe, akimtazama mgongo, alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga na mabega yakitikisika.

Wiki nzima mtaa haukuzungumza kingine. Choo kilijadiliwa dukani, kilijadiliwa bombani, kilijadiliwa kwenye kiti cha kunyolea huku Kinyozi akiwa na mashine mkononi. Kamati iliunda kamati ndogo ya kushughulikia suala la choo. Kamati ndogo ikashauri suala lirudishwe kwa mwenyekiti. Afisa naye alipopigiwa simu, alisema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa jambo hilo darasani kwamba hapo panahitajika "mazungumzo ya kina ndani ya jamii", akakata.

Ndipo Kinyozi alipopata wazo, nalo lilikuwa la kishujaa na la kijinga kwa kiasi kilekile. Kama barabara ikipindishwa kidogo kabla ya kona, itakiacha choo salama na kupita juu ya kibanda chake cha kunyolea. Kibanda alikijenga kwa mikono yake, kwanza mwavuli na kiti, halafu bati, halafu kioo kikubwa ambacho watu walikuja kujitazama hata siku wasiyonyoa. Usiku ule alipomwambia mkewe, mkewe aliinuka akaketi kitandani.

"Yaani unavunja riziki yetu kwa sababu unaona haya kusema neno moja?"

"Ni heshima."

"Heshima hiyo utawalisha watoto?"

Alilala akitazama dari, na kwa mara ya kwanza akajiona mpweke kweli. Kibanda alikipenda. Ila kila akijaribu kulipanga lile neno kinywani, uso wa mama mkwe ulimjia, na ulimi ukaanza tena kuwasha kwa ile chai.

Mkutano ulipoitwa tena, uwanja ulijaa. Afisa alikuwepo, safari hii na viatu vyeusi. Kinyozi alisimama, akatangaza kwamba kwa ajili ya maendeleo ya mtaa, yeye kama kiongozi amekitoa kibanda chake kivunjwe. Watu wakapiga makofi hadi vumbi likaruka. Mwenye duka alifuta machozi. Afisa akapiga picha.

"Naomba nafasi," ilisikika sauti kutoka nyuma.

Watu wakafungua njia. Mama mkwe alikuja mbele, akajitanda kanga vizuri, akakataa kipaza sauti kwa mkono.

"Naona choo changu kimekuwa mtu mkubwa hapa mtaani," alianza. "Kinajadiliwa asubuhi, kinajadiliwa jioni. Kimeundiwa kamati. Nikienda bombani watu wananyamaza, nikiondoka wanaendelea. Nilipokijenga, hapa palikuwa na majani tu. Njia ndiyo iliyokuja ikakizunguka. Lakini mimi nina macho. Yule binti aliyepitishwa hapa kwa toroli alipita mlangoni kwangu, mimi ndiye niliyemfunika shuka. Mnadhani nitakumbatia choo?"

Fundi wa vyuma alivua kofia.

"Mmeshirikishana wote. Mmeshirikisha hadi mbuzi. Aliyeachwa ni mwenye choo. Mngeniuliza, ningesema ndiyo siku ileile. Mkwe wangu huyu alikuja, maskini, tukazungumzia makaburi."

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika barabara kuu. Kinyozi aliinamisha kichwa, masikio yanawaka, na bado akashangaa kuona kwamba na yeye anacheka.

"Kivunjwe," alisema mama mkwe kelele zilipotulia. "Ila mimi kiwanja changu kamba imekimaliza. Kipya kitajengwa pale uani kwa binti yangu. Nafasi ipo. Matofali nimeyaona yamepangwa ukutani, yananyeshewa tu. Na mkwe ninaye. Au nimekosea?"

Matofali yale Kinyozi aliyakusanya kidogo kidogo kwa ajili ya sebule. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mawingu.

"Hujakosea, mama," alisema.

"Sema basi tutajenga nini, watu wasikie."

Kinyozi alivuta pumzi. "Choo," alisema, mbele ya umati wote, na dunia haikupasuka. Walimpigia makofi mengi kuliko yale ya kibanda.

Greda lilikuja, likasukuma, likamwaga kifusi. Barabara ikanyooka toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, na siku ya uzinduzi manispaa ikaweka bango lenye picha ya meya na maneno "Tumewaletea Barabara". Utepe ulifungwa, viti vikapangwa, mgeni rasmi akasubiriwa. Lakini wakazi, wakiwa wataalamu wa maisha yao, walikuwa wamelipigia simu gari la kunyonya vyoo mapema, na lenyewe likafika mapema. Likapita kwenye utepe na kuondoka nao, watu wakishangilia, watoto wakilikimbilia nyuma. Msafara wa mgeni rasmi ulipotokea ulikuta gari lile limesimama katikati ya barabara, mpira wa kunyonyea umetandazwa, mashine inanguruma. Hotuba ilikuwa fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa na manispaa. Mgeni rasmi aliitoa akiwa amevuta kioo cha gari juu, akabakiza mwanya wa vidole viwili.

Choo kipya kilijengwa uani kwa Kinyozi, imara, chenye mlango wa mbao. Halafu ikaonekana si vizuri mama mtu mzima avuke barabara kila mara kukifuata, hasa sasa ambapo magari yanapita. Kikaongezwa chumba karibu yake. Chumba kikawa na jua kali, kikaongezewa kivuli cha bati. Sebule ikasubiri.

Jumamosi moja Kinyozi alirudi kutoka kibandani kwake, akamkuta mama mkwe amesimama kando ya ule ukuta mpya, anahesabu kwa nyayo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kamba.

"Mkwe wangu, njoo uone. Hapa kikitolewa hiki kijimti, hapatoshi baraza la kukalia watu wawili watatu?"

Kinyozi alipatazama. Hakuwa amevaa shati rasmi, fulana tu, yenye nywele za wateja mabegani, wala hakukumbuka kujifuta.

"Panatosha, mama," alisema. "Ila tuligeuzie upande huu, lisije likaziba mlango wa choo."

"Hapo umesema," alisema mama mkwe, akamsogezea upande mmoja wa kamba.