Kisanduku cha Mwaka wa Mwisho

Saa nne asubuhi mkutubi alikuwa akimwelekeza daktari wa kifua namna ya kutafuta makala kwenye kompyuta ya maktaba. Daktari alitaka ushahidi, ili kiwanda cha saruji kilazimishwe kuwapa wafanyakazi barakoa.

"Usiandike neno moja tupu," mkutubi alimwonya. "Juzi mtu kaandika 'saruji' basi, wakaja mia nne. Ngazi hazikupitika."

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale. Makala ikipatikana, watu walioandikwa ndani yake hupanda ghorofani wenyewe, wakakaa kwenye viti kusubiri isomwe. Wengi wao ni marehemu na hawamsumbui mtu, lakini viti ni arobaini tu.

Daktari akaandika alivyofundishwa: saruji NA vumbi NA mapafu. Akajaza mwaka wa kuanzia. Kisanduku cha mwaka wa mwisho akakiacha wazi, kosa ambalo mkutubi hulikemea kila siku, ila wakati huo alikuwa ameinama kuweka karatasi kwenye printa.

Wakaja kumi na mmoja, weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Wa kumi na mbili alikuwa mdogo wake mkutubi, wa tumbo moja.

"Wewe umefuata nini huku?" mkutubi aliuliza.

"Hata sijui, dada. Nilikuwa kiwandani, kwenye mashine ya kujaza mifuko." Akavuta kiti, akaketi na wenzake.

Mkutubi akatazama skrini. Makala ya kumi na mbili ilikuwa ya mwaka ujao. Aliogopa kuifungua, aliogopa hata kusoma kichwa chake.

Mkurugenzi wa maktaba akapita, akahesabu vichwa. Ukumbi ule ulijengwa kwa fedha za kiwanda kile cha saruji.

"Hilo neno 'mapafu' liondoe kwenye maneno ya kutafutia makala hizi zote," alisema kwa upole. "Linatuletea watu."

Siku nyingine mkutubi angebisha mpaka povu limtoke. Siku hiyo alifuta mbiombio. Skrini ikaandika sifuri. Viti vikabaki vitupu, naye akafurahi, akaona haya kwa kufurahi. Daktari akaondoka bila kuaga.

Akampigia mdogo wake simu.

"Nipo kazini, dada, kwani vipi?" Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yake.

"Acha hiyo kazi."

"Niache, wanangu wale nini?" Akaanza kukohoa. Mkutubi alishika simu akisubiri amalize, na alisubiri sana.

Alasiri daktari akarudi, shati limemganda kwa jasho.

"Dada yangu, nisaidie. Hakuna neno jingine la kutafutia? Nyinyi ndio mnaoyajua."

Mkutubi alikuwa nalo. Alikuwa nayo hata matatu. Akakitazama kile kiti alichoketi mdogo wake.

"Hakuna," alisema, akimwomba Mungu daktari asijaribu mwenyewe.