Viatu Chini ya Meza ya Bodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao cha bodi. Ajenda ilikuwa moja: marehemu baba yangu aendelee na kazi, au aruhusiwe kwenda nyumbani.

Baba alikuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya bima. Alifia kikaoni, ghorofa ya tisa, akiwa na soksi tu miguuni. Miguu yake ilikuwa inavimba, kwa hiyo kila kikao alivua viatu kimyakimya chini ya meza. Kampuni ilituletea mwili na shada kubwa la maua. Viatu haikuleta. Siku ya arobaini, mwenyekiti wa bodi, Bwana Kalokola, alihutubia nyumbani kwetu kwamba baba aliipa kampuni kila kitu. Nikasimama mbele ya wageni, nikamwambia basi arudishe angalau viatu. Tangu hapo mama ananisihi nikaombe radhi.

Katika ndoto, lifti inafunguka jikoni kwetu. Meza ya bodi imepita katikati, imetoboa ukuta, imeendelea hadi mawinguni. Kila mjumbe ana glasi ya maji iliyofunikwa kwa kikaratasi. Baba amekaa mwisho, amepungua, suti inamning'inia. Ananisalimu kwa kichwa, kama mtu aliye kwenye simu.

"Kabla hatujaanza," anasema Bwana Kalokola, "mwenye maslahi na ajenda hii atamke, kisha atoke nje. Ndiyo kanuni."

Birika la chai linakohoa. Linasema mkurugenzi alikuwa akilisalimu kila asubuhi. Linaombwa litoke, linatoka likidondosha matone. Kiyoyozi nacho kinakiri kwamba kilikuwa kikipunguza baridi kwa ajili yake. Kinabanduka ukutani, kinamfuata mwenzake.

Nikaielewa kanuni. Yeyote anayempenda haruhusiwi kumsemea.

"Na wewe, binti?"

Ningeweza kusema simpendi, nibaki, nipige kura. Mdomo ulikataa.

"Ninayo," nikasema.

"Basi toka. Mkurugenzi mkuu, na wewe je? Una maslahi yoyote na wewe mwenyewe?"

Nikasimama mlangoni. Mambo yalikuwa wazi kabisa: akisema anayo, kanuni inamtoa nje, na nje ni nyumbani, mama amepika makande.

"Baba," nikamwambia, "sema unayo. Neno moja tu."

Akanitazama kwa huruma, vile alivyonitazama nilipokuwa mdogo na kumwambia chakula kinapoa. Akafunga kifungo cha koti.

"Sina, mwenyekiti," akasema. "Tuendelee."

Wajumbe wakagonga meza kwa furaha. Wakamwongezea mkataba, wakampandishia mshahara, wakampa gari jipya lenye nafasi ya kulazwa chali, pamoja na posho ya nyumba asiyoishi. Walipitisha yote bila mjadala, kwa kuwa chumbani hakuwa amebaki mtu wa kuuliza.

Ndipo sauti ikatoka chini ya meza.

"Sisi tunayo," vikasema viatu vyake.

Mwenyekiti akauliza viatu vinadai nini. Cha kulia kikajibu kwamba hakidai kitu, ila kinavifahamu vidole vya mkurugenzi kimoja kimoja. Cha kushoto kilikuwa kinalia. Vikatembea pole pole kuja nilipo, lakini mlango ulikuwa umeanza kujifunga.

"Hatutawahi," kikasema cha kulia. "Chukua hii." Kikafungua kamba yake, kikanirushia.

Niliamka nimekunja ngumi. Ndani yake kulikuwa na kamba moja ya kiatu, ya kahawia, iliyokatika katikati ikashonwa kwa uzi wa bluu.

Mama aliingia kuniamsha, akaiona. Akakaa kitandani. Ni yeye aliyeishona, asubuhi ya kikao kile cha mwisho, baba akiwa amesimama mlangoni anamhimiza kwamba anachelewa.

Aliishika muda mrefu, akiizungusha kidoleni. Hakuniuliza nimeitoa wapi.

"Naki, mwanangu," akasema hatimaye, "Bwana Kalokola anapita hapa leo. Utamwomba radhi?"

"Hapana, mama," nikasema. "Simwombi."